Kwa Baiskeli Hadi Marsabit

Watu wengi wakisikia neno "kaskazini" hufikiria mambo mawili tu: njaa na wezi wa mifugo. Hata katika shule yetu, ambayo iko papa hapa Isiolo, kuna wanafunzi ambao hawajawahi kuvuka Mto Ewaso Ng'iro, ilhali uko mwendo wa kilomita kama 35 tu kutoka mjini. Njia ya kwenda Meru na ya Nanyuki wameikariri kama sala, lakini ukiwauliza kuna nini upande ule mwingine wa kizuizi cha polisi, watakwambia, "Huko? Huko ni jangwa tu." Sitaki kubishana nao. Nitaeleza tu niliyoyaona kwa macho yangu mwezi wa Agosti, nilipotoka Isiolo hadi Marsabit, kilomita kama 260 hivi, nikiwa juu ya baiskeli. Ndiyo, baiskeli. Na ndiyo, mimi ni msichana.

Safari haikuwa yangu. Ilikuwa ya kaka yangu. Alimaliza kidato cha nne, akaitwa katika chuo kimoja cha ufundi, barua tukaisoma nyumbani tukafurahi, kisha Mama akaikunja akaiweka ndani ya Biblia na hakuna aliyeitaja tena. Baba alifariki nilipokuwa darasa la tano. Mama huuza mboga sokoni, na nyuma yangu kuna wadogo wawili. Basi ikapita miezi, Kaka akiponda kokoto na kubeba mifuko ya saruji kila palipojengwa, mpaka shangazi yetu wa Marsabit alipopiga simu kusema kwamba mumewe anahitaji kijana wa kumsaidia katika karakana yake ya kuchomelea milango na madirisha. Kaka akakubali siku hiyo hiyo.

Mama alimtafutia nauli ya basi. Kaka akaikataa. Alisema, "Mama, nikipanda basi nitakuwa nimepelekwa. Nikienda kwa baiskeli, nitakuwa nimekwenda mwenyewe." Mama alimtazama kama mtu aliyeugua malaria ya kichwa. Lakini mjomba wetu, ambaye ni fundi wa baiskeli karibu na soko, aliposikia habari hiyo alicheka kwa furaha akapiga paja. "Na mimi naenda!" akasema. Nikasema na mimi pia. Hapo ndipo kicheko kilipokwisha.

Maneno yalichukua jioni tatu. Mama alisema sijawahi kusikia wasichana wakizurura porini. Nikamwambia kila siku mimi huendesha kilomita 7 kwenda shule na 7 kurudi, na kwa muhula mmoja hizo ni nyingi kuliko za Marsabit. (Nilizipiga hesabu kwenye karatasi nikamwonyesha. Mwalimu wangu wa Hesabu angejivunia.) Alisema kuna simba. Mjomba akasema simba hulala mchana. Alisema kuna majambazi. Mjomba akanyamaza kidogo, kisha akaeleza kwamba siku hizi njia ina magari mengi, kila mji una kituo cha polisi, na kila tutakapolala anamfahamu mtu. Hatimaye Mama akakubali kwa masharti manne: tupige simu kila jioni, saa kumi ikifika popote tulipo tusimame, nivae sketi juu ya suruali ili nisiwaudhi wazee wa watu, na mimi nikichoka nipande basi bila kuona haya. Tulikubali yote. Sharti la sketi ndilo lililonisumbua zaidi, maana mara mbili ilinaswa na mnyororo, mpaka Mjomba akanipa kamba ya mpira nikaifunga mapajani.

Ni lazima niseme habari za Mjomba. Alipokuwa kijana alikuwa utingo wa malori katika barabara hiyo hiyo. Wakati huo hakukuwa na lami. Kutoka Isiolo hadi Moyale, ambayo ni kama kilomita 500, ilikuwa ni mawe, vumbi na makorongo tupu. Magari yalikusanyika asubuhi yakaondoka kwa msafara mmoja yakilindwa na askari wenye bunduki. Mvua ikinyesha, lori lilikaa kwenye matope wiki nzima na mbuzi waliokuwa juu wakafa. Lami ilifika Moyale miaka ya 2010, baada ya Mjomba kuacha kazi hiyo. Yeye alitaka kuiona barabara ile polepole, bila kurushwa juu ya mizigo. Kila alipofika mahali angesimama na kusema, "Hapa tulilala siku nne." Mwisho tulimzoea.

Tulikuwa na baiskeli tatu. Ya Mjomba ni Black Mamba, nzito kama ng'ombe, lakini karia yake ingeweza kubeba gunia la viazi. Ya Kaka ilikuwa na gia, ameiunda yeye na Mjomba kutokana na vipande vya baiskeli kuukuu, gurudumu la mbele la rangi moja na la nyuma la rangi nyingine. Yangu ni ile ya shule. Haina gia. Tulibeba maji lita kumi kila mmoja, turubali, blanketi, unga, sukari, majani ya chai, njugu, tende, tyubu sita, viraka na gundi, pampu mbili na spana za Mjomba ndani ya soksi ili zisipige kelele.

Tuliondoka siku ya Jumatatu. Mama alitusindikiza hadi barabarani na hakusema neno. Alimshika Kaka mkono, akaushika kwa muda mrefu, halafu akarudi sokoni kuuza mboga.

Siku ya kwanza ilikuwa mteremko mtupu. Isiolo iko juu kuliko Archer's Post, na unapotoka mjini barabara inashuka taratibu, imenyooka kama rula, Mlima Kenya ukibaki nyuma yako na theluji yake kidogo. Upande mmoja kuna hifadhi ya Buffalo Springs na upande wa pili ni Shaba. Ni huko Shaba ambako Joy Adamson, yule mama aliyemlea simba Elsa na kuandika kitabu juu yake, aliuawa mwaka 1980. Tulifika kwenye daraja la Ewaso Ng'iro kabla ya saa sita. Mto huo hutoka Mlima Kenya na Nyandarua, unapita katikati ya nchi kavu, na haufiki baharini. Huishia kwenye kinamasi cha Lorian. Nilisimama darajani nikatazama maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mikoma iliyogawanyika vichwa kama uma, nikafikiri: mto wenyewe nao umetoka nyumbani usijue utafika wapi.

Archer's Post tulilala kwa mtu anayeuziwa spea na Mjomba. Jioni tulipita karibu na kijiji cha Umoja. Nilikuwa nimesikia habari zake redioni. Kijiji hicho kilianzishwa mwaka 1990 na wanawake Wasamburu wakiongozwa na Rebecca Lolosoli, wanawake waliotoroka mateso, wakaamua kuishi wao kwa wao bila wanaume, wakitengeneza shanga na kuziuza kwa wageni. Mama mmoja aliyekuwa akiuza shanga kando ya njia alinitazama mimi, akaitazama baiskeli, akauliza, "Hawa wawili wanakusindikiza, ama wewe ndiwe unawasindikiza?" Kaka akajibu haraka, "Yeye ndiye mkubwa wetu." Mama yule alicheka sana akanivisha bangili ya shanga nyekundu na hakutaka pesa.

Siku ya pili ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote, kama kilomita 100 hadi Merille. Tuliamka saa kumi usiku, tukasubiri kupambazuke, maana Mjomba alisema mwendo wa gizani katika nchi ya ndovu ni mwendo wa wajinga. Jua lilipotoka tuliuona Ololokwe. Wasamburu huuita Ol Donyo Sabache na kwao ni mlima mtakatifu. Sijui nitumie maneno gani. Ni jiwe moja kubwa mno, kilele chake bapa kama meza, kuta zake zimesimama wima, na asubuhi zilikuwa nyekundu kama makaa. Tai walikuwa wakizunguka juu yake. Kwa gari mlima huo hukaa nawe dakika chache. Kwa baiskeli ulikaa nasi asubuhi nzima. Ukiinama kunywa maji, ukiinua kichwa bado uko pale pale, umegeuka kidogo tu, kama mtu anayekuchungulia.

Na wanyama! Wenzangu, wanyama tunaowasoma katika Biolojia tuliwaona bila kulipa kiingilio. Tuliwaona twiga wa kaskazini, ambao mabaka yao yamepangwa kama matundu ya wavu. Tulimwona swala twiga, mwenye shingo ndefu, amesimama kwa miguu miwili ya nyuma akila majani ya mgunga kama mtoto anayeiba sukari kabatini. Mnyama huyo anaweza kuishi bila kunywa maji, yanamtosha ya kwenye majani. Tuliona punda milia wa Grevy, wenye milia myembamba, tumbo jeupe na masikio ya mviringo. Hao si punda milia wa Nakuru mnaowajua. Jina lao limetokana na Jules Grévy, rais wa Ufaransa aliyepelekewa mmoja kutoka Uhabeshi mwaka 1882. Duniani kote hawazidi kama 3,000 waliobaki, na wengi wao wako huku huku kwetu, wengine wachache Ethiopia. Nilifikiri juu ya wanafunzi wanaosema huko ni jangwa tu.

Karibu saa nne tulikutana na ndovu. Walikuwa kumi na mmoja, pamoja na watoto watatu, na walikuwa wamesimama kando kabisa ya lami, mmoja akiwa katikati. Mjomba aliinua mkono tukasimama kama mita mia mbili hivi. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kulia, nao walikuwa kushoto. Yaani harufu yetu yote ilikuwa ikiwaendea. Yule jike mkubwa akageuka, akapanua masikio. Moyo wangu ulidunda mpaka nikausikia masikioni. Hakuna kukimbia, hakuna mti wa kupanda, na baiskeli haigeuki na lita kumi za maji. Mjomba alinong'ona, "Msipige kengele. Msiseme. Rudini nyuma kwa miguu, polepole." Tukarudi hatua kwa hatua, tukizivuta baiskeli. Nyuma yetu likaja lori la mbuzi. Dereva alipotuona aliendesha taratibu, akalisimamisha lori kati yetu na wale ndovu, akazima injini. Tukakaa pale nyuma ya lori karibu nusu saa, mbuzi wakitutemea mate juu, mpaka ndovu wakamaliza kuvuka. Dereva hakutuuliza majina. Alichosema ni, "Nyinyi mna akili timamu kweli?" halafu akaondoka. Mungu ambariki popote alipo.

Baada ya hapo adui wetu hakuwa mnyama, alikuwa upepo na miiba. Upepo wa Agosti huko hutoka mashariki na kusini-mashariki bila kupumzika. Hausukumi nyuma yako ukakusaidia, wala haukuzuii mbele ukajua unapigana na nini. Unakusukuma ubavuni. Lori kubwa likipita, kwa sekunde moja upepo unakatika nawe unaegemea upande wake; likishapita, unarudi kwa nguvu na kukutupa. Magari ya miraa ndiyo mabaya zaidi, yanapita kama risasi kwa sababu miraa haingoji. Tulijifunza kushuka kabisa barabarani tukiyasikia. Lakini ukishuka barabarani unakuta miiba ya migunga, mirefu kama sindano ya ng'ombe. Siku hiyo tulipata pancha saba. Nne zilikuwa zangu. Kufikia ile ya tano Kaka alikuwa haongei, anatoa tairi tu, anatafuta tundu kwa mate, anapiga kiraka, anapampu. Nilitazama mikono yake. Ilikuwa na makovu ya saruji. Ilikuwa mikono ya mtu mzima, na sikujua ilibadilika lini.

Tulifika Merille saa kumi na robo. (Mama, samahani kwa hiyo robo.) Merille ni soko kubwa la mifugo, wafanyabiashara hutoka hata Nairobi kununua mbuzi, ng'ombe na ngamia. Siku ile haikuwa ya soko, palikuwa kimya. Mto wake ni laga, yaani mto wa mchanga mtupu wakati wa kiangazi. Lakini chini ya mchanga kuna maji. Jioni nilikwenda na wasichana wa pale kuteka. Huchimba shimo, wakakaa ndani yake, wakateka kwa kibuyu, na kisima kikiwa kirefu watu husimama mmoja juu ya mwingine wakipokezana ndoo huku wakiimba ili wasipoteze mwendo. Nilishuka na mimi. Maji yalikuja taratibu, kikombe kwa kikombe, baridi na yenye ladha ya mchanga. Ilituchukua karibu saa nzima kujaza mitungi minne. Tangu siku hiyo nikimwona mtu anaacha mfereji wa shule ukidondoka, nitaufunga mimi mwenyewe.

Ni usiku huo Mjomba aliponiambia. Kaka alikuwa amelala kwa uchovu hata kabla ya ugali. Mjomba alikuwa akinywa chai ya maziwa ya ngamia, akasema tu, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Unajua shemeji yenu alikuwa tayari kumlipia nusu ya karo ya chuo? Kaka yako ndiye aliyekataa. Amesema hizo pesa ziwe mshahara, zitumwe nyumbani, wewe umalize kidato cha nne kwanza."

Sikuwa nikijua. Shule ya kutwa karo yake si kubwa, kila mtu anajua, lakini kuna chakula cha mchana, kuna sare, kuna vitabu, na mara mbili mwaka huu nilirudishwa nyumbani. Mama hakuwahi kuniambia pengo litazibwa na nani. Nilikaa nikitazama moto. Mtu angedhani ningeshukuru. Wapi! Nilikasirika. Nilikasirika mpaka usingizi ukanikimbia. Nani aliyemwambia auze chuo chake kwa ajili yangu? Mimi nilikuwa nimemwomba?

Basi siku ya tatu sikumsemesha. Tulipita Laisamis kabla ya joto kuwa kali. Hapo ndipo barabara ya kwenda Loiyangalani inapochepuka kushoto, ile iliyotengenezwa ili kusafirisha mitambo ya umeme wa upepo, mitambo 365 iliyoko karibu na Ziwa Turkana. (Upepo uliotutesa sisi, kumbe kuna watu wanaulipwa!) Tulikunywa chai dukani, na mzee mmoja Mrendille alitusimulia jinsi mvua zilivyokosa kunyesha misimu mitano mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022. Alikuwa na mbuzi 80. Walibaki sita. Sasa wamefika 19. Alizitaja hesabu hizo kama mtu anayetaja majina ya watoto wake. Kando ya barabara, hata sasa, utaona mifupa ya ng'ombe imekuwa myeupe kama chaki.

Kisha tukaingia Kaisut. Hilo ni jangwa hasa. Sikuwa nimewahi kuona nchi isiyo na kitu cha kutazama. Mawe meusi madogo madogo, vichaka vilivyokauka, na barabara inayokwenda mpaka inayeyuka kwenye joto. Mbele unaona maji yanametameta, unafika, hakuna maji. Ngamia wanapita mbali kana kwamba wanaelea. Mjomba alitangulia. Kaka alikuwa nyuma yangu, nami nikaongeza mwendo ili awe mbali zaidi. Kwa muda wa saa mbili nilisikia tu mnyororo wangu na upepo.

Hatimaye alinifikia. Gia si mchezo. Akauliza, "Una nini leo?"

"Sina kitu."

"Mjomba amekwambia."

Nikanyamaza. Akasema, "Nilimwambia asiseme." Nikashindwa kuvumilia. Nikasimamisha baiskeli katikati ya jangwa, nikamwambia yote: kwamba mimi si deni lake, kwamba sikumtuma, kwamba nikifeli mtihani nitabebaje aibu ya chuo chake na changu kwa pamoja? Nililia, na machozi yakakauka kabla ya kufika kidevuni, joto lile! Kaka alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ukimaliza kulia kunywa maji. Hapa mtu hapotezi maji hivi hivi."

Nilitaka kumpiga. Nikacheka. Lakini msidhani kwamba mambo yaliishia hapo, maana hayakuishia.

Logologo tulilala mapema kwenye uwanja wa nyumba ya mtu wa kanisa, na siku ya nne ikawa ya mlima. Kutoka Logologo hadi mji wa Marsabit ni kama kilomita 50 za kupanda. Mlima Marsabit una urefu wa mita 1,707 kutoka usawa wa bahari. Ni volkano ya zamani iliyosimama peke yake katikati ya jangwa, na ndiyo inayokamata ukungu na kufanya msitu uote. Ukiwa chini huamini. Unaona kitu cha samawati tu, kama wingu limelala chini. Baiskeli yangu haina gia, kwa hivyo sehemu nyingi niliisukuma. Mjomba naye aliisukuma Mamba yake akitweta kama injini ya lori lake la zamani. Basi mbili zilitupita, na makondakta wakatuita kwa mikono. Nilikumbuka sharti la nne la Mama. Kaka alinitazama bila kusema neno. Nikatikisa kichwa. Miguu ilikuwa inatetemeka, lakini nilikuwa nimetoka nyumbani kwa hiyo hiyo miguu.

Ghafla, na kusema kweli ni ghafla, hewa ilibadilika. Kwanza nyasi, halafu miti, halafu udongo mwekundu na mashamba ya mahindi. Baridi ikatuingia mifupani. Tulipoingia mjini saa tisa, watu walikuwa wamevaa makoti na sisi tumevaa vumbi. Shangazi alitukumbatia mmoja mmoja, akatupatia maji ya moto ya kuoga, na maji yale yalipotoka mwilini mwangu yalikuwa na rangi ya Ewaso Ng'iro.

Tulikaa Marsabit siku tatu. Msitu wake ndiko alikoishi Ahmed, yule ndovu mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi, ambaye Mzee Jomo Kenyatta alitoa amri mwaka 1970 alindwe mchana na usiku. Alikufa mwaka 1974 kwa uzee, si kwa risasi, na sanamu yake imesimama katika Makavazi ya Nairobi. Wazee wa Marsabit wanamtaja kama mtu wa ukoo.

Siku ya mwisho mimi na Kaka tulikwenda wawili kwa baiskeli hadi Gof Redo, kaskazini kidogo ya mji. Huko wao huita "gof" yale mashimo makubwa ya volkano. Unaendesha kwenye nchi tambarare, hujui kitu, mara ardhi inakatika mbele yako na unatazama chini kwenye bakuli kubwa lenye miti na ndege ndani yake, na mbali zaidi nchi inashuka kuelekea jangwa la Chalbi. Tulikaa ukingoni tukala mahindi ya kuchoma. Nikamwuliza mambo yaliyokuwa moyoni: barua ya chuo iko wapi? Akasema bado imo ndani ya Biblia ya Mama, na kwamba mwaka mmoja na nusu si milele. Nikamwambia mwaka mmoja na nusu huwa miaka kumi, tunawaona vijana mtaani. Hakunijibu. Alitupa jiwe shimoni na tukasubiri kulisikia likigonga, lakini hatukulisikia. Nikamwambia aniahidi. Akasema, "Wewe niahidi kwanza utaacha kulala kwenye somo la Hesabu." Nani aliyemwambia? Tukabishana hivyo mpaka baridi ikatufukuza. Hakuahidi. Ninaandika hapa ili walimu na wanafunzi wote wawe mashahidi kwamba hakuahidi, na kwamba sijaacha kumwuliza.

Mimi na Mjomba tulirudi kwa basi, baiskeli zetu zikiwa juu. Nchi tuliyoila kwa siku nne basi liliimeza asubuhi moja. Abiria wengi walilala tangu Logologo mpaka Archer's Post. Nilijaribu kumwonyesha mama aliyekaa karibu nami mahali ndovu walipotusimamisha, lakini kabla sijamaliza sentensi tulikuwa tumeshapita.

Mwisho wa kila mwezi Kaka hutuma pesa kwa simu, na ujumbe mmoja tu: Hesabu umepata ngapi? Muhula uliopita nilimjibu 58. Alinijibu kwa kuniuliza swali namba sita lilikuwa la nini.

Mjomba ameanza kuunda baiskeli nyingine, ndogo, yenye gia. Anasema Agosti ijayo tumpitie Kaka Marsabit tukaendelee hadi Moyale, kilomita nyingine kama 250, kupitia nchi ya mawe meusi ya Dida Galgalu. Nimemwambia niko tayari. Mama bado hajaambiwa, kwa hivyo, mpenzi msomaji, ukimkuta sokoni ukanunua mboga, tafadhali usimwonyeshe jarida hili.